Kwenye Gemu Hakuna Nyuma

Mwalimu wenu wa mitambo alinifuata nyumbani Kitomanga wiki iliyopita, akanikuta nafyeka majani chini ya mikorosho. Baada ya salamu akaniambia, "Mzee Nandonde, vijana wangu wanauliza kila siku kama haya wanayojifunza kwenye gemu la kompyuta yatawasaidia watakapokalia mtambo wenyewe. Nimeshindwa kuwajibu. Waandikie wewe." Nikamwambia mkono wangu umezoea kushika chuma, kalamu unaivunja. Akacheka, akasema niandike kama ninavyoongea. Basi wanangu, mnisome hivyo hivyo, na mkikuta nimerukaruka mjue ndivyo ninavyoongea.

Jibu fupi ni kwamba yatawasaidia, na sana. Jibu refu lina aibu yangu ndani yake, na nikiiruka hiyo aibu nitakuwa sijawajibu.

Nimeendesha mitambo ya barabara miaka thelathini na mmoja, kuanzia Nangurukuru na Kilwa Masoko mpaka huku Lindi na vijiji vya ndani. Greda nimeendesha, katapila nimeendesha, lakini zaidi nilikuwa mtu wa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia wenye mkono mrefu na ndoo yenye meno. Nyinyi chuoni mnautaja kwa jina la Kiingereza. Sisi barabarani tuliuita kijiko na kazi ikaenda.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kazembe, Mmakonde wa juu huko, mrefu, mkimya, mtu wa kutafuna mihogo mibichi tangu asubuhi. Miezi mitano ya kwanza hakuniruhusu niguse kishikio hata kimoja. Kazi yangu ilikuwa kuosha mtambo na kupaka grisi. Nilimchukia kwa hilo, nawaambia kweli. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, lini nitaendesha?" Akanijibu, "Bomba lipi limevuja tangu jana?" Sikujua. Akarudi kwenye mhogo wake. Kesho yake nilijua bomba lipi, na keshokutwa nilijua hata lile linalotaka kuvuja, maana mpira wake ulikuwa umeanza kutoa jasho. Wiki hiyo akanipandisha kitini.

Kitu kingine alichonifundisha ni kuvua viatu. Kabla hajaingiza mtambo mahali pageni, Mzee Kazembe alivua buti, akakunja suruali, akatembea pale peku, pole pole, huku na huku, na fimbo mkononi. Vibarua walikuwa wanamcheka. Akaniambia, "Ukisikia baridi kwenye unyayo wakati jua limeshawaka, chini kuna maji. Kisigino kikiingia, rudi." Basi nami nikawa navua viatu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuzamisha mtambo, na nilikuwa nalitaja jambo hilo kwa watu hata wasioniuliza.

Msidhani sikuwa na makosa. Niliwahi kukata bomba la maji la kijiji kizima kwa sababu nilikuwa namsikiliza mtu anayenihadithia mpira. Akina mama wakaja na ndoo zao tupu, wakazipanga mbele ya mtambo wangu, wakazikalia. Hawakunitukana. Walikaa tu wakinitazama mpaka fundi alipofika, saa sita mchana. Tangu siku hiyo opareta wangu yeyote akiwa kitini haongeleshwi mpira.

Sasa gemu.

Nililiona mara ya kwanza hapo hapo chuoni kwenu. Kampuni ilituita opareta watatu wazee tukalione. Chumba kina feni, viti viwili vyenye vishikio kama vya kijiko, na mbele kioo kikubwa cha kompyuta. Kwenye kioo kuna shimo, lori, kichuguu cha mchanga, kila kitu. Mwalimu akasema, "Karibu mzee, jaribu." Vijana kama nyinyi wamesimama nyuma yangu. Nikakaa kama mwenye nyumba. Dakika nne baadaye nilikuwa nimeangusha kijiko ubavu, ndoo imeingia kwenye kichwa cha lori, na kioo kimekuwa chekundu. Vijana walijizuia kucheka, wakashindwa. Msichana mmoja akaniinamia kwa adabu, "Mzee, bonyeza hapo uanze upya."

Nilikuwa sijawahi kuambiwa nianze upya. Mtambo ukianguka barabarani hakuna pa kubonyeza.

Nilirudi nyumbani nikimwambia kila mtu kuwa lile ni toi la watoto. Lakini moyoni nilijua kwa nini nilishindwa. Mimi naendesha kwa makalio, mnisamehe lugha. Mtambo ukianza kulalia upande mmoja nausikia kwenye kiti kabla jicho halijaona. Injini ikielemewa, sauti inabadilika na mkono wangu unalegea wenyewe. Kile kiti cha chuoni kilikuwa kimetulia kama kiti cha kinyozi. Nilinyang'anywa makalio na masikio, nikaachiwa macho tu, na macho yangu yalikuwa hayajawahi kufanya kazi peke yao.

Kati ya mtambo na gemu ni kama kuna mlango, na hasara yake iko pande zote mbili. Anayetoka kwenye mtambo kwenda kwenye gemu anaacha kitu mlangoni, na anayetoka kwenye gemu kwenda kwenye mtambo naye kuna kitu hana. Mimi niliona upande wa pili tu. Upande wangu nikaufunika.

Mwaka uliofuata Injinia Lyimo, mkubwa wetu wa kambi, akaniletea mwanafunzi wa kazi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu hivi, mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri chini ya kofia ya plastiki. Anaitwa Zuhura, kwao Nyangamara, wazazi wake wakulima wa korosho na mihogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umewahi kukalia kijiko?"

"Nimekalia sana, mzee."

"Wapi?"

"Kwenye gemu."

Nikamtazama Chande. Huyu Chande ni mtu wa Somanga, rika langu, kazi yake ilikuwa kusimama chini na kibendera chekundu kuongoza mtambo na kuzuia watu. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na tano. Chande akatazama juu kama anayesubiri mvua.

Nikampandisha Zuhura kitini, nikasimama kwenye ngazi pembeni, mkono karibu na swichi ya kuzimia. Nilitegemea kuona vurugu. Mwanzo mtambo ulimrusha kweli, maana kwenye gemu mkono unaitika papo hapo, lakini mkono wa chuma una uzito, unachelewa, na ukishaanza kwenda hautaki kusimama. Alishtuka, akaacha vishikio, akapumua. Akaanza tena taratibu. Kufika saa sita alikuwa anachimba mtaro ulionyooka kama umepigwa kwa kamba. Mimi mtaro wa namna ile niliujua baada ya miezi minane.

Nikamuuliza, "Umejifunza kwa muda gani hilo gemu?"

"Lile la chuoni miezi sita. Lakini nilianza na la kwenye simu, nikiwa nalinda korosho za baba zisiibwe. Baba alikuwa anasema simu itanipofua."

"Na mikono yako haichoki?"

"Inachoka mzee, lakini inajua pa kwenda."

Nilijikuta nina wivu. Niseme tu lilivyo. Mzee mzima nina wivu na mtoto wa juzi kwa sababu mikono yake inajua pa kwenda.

Wiki ya tatu likatokea jambo. Tulikuwa tunapakia kifusi kwenye lori. Mnajua kijiko kinavyozunguka: sehemu ya juu yote inageuka, na kwa nyuma kuna bonge la chuma la kusawazisha uzito. Mkono ukienda kushoto, lile bonge linafagia kulia. Chande alikuwa ameinama nyuma kidogo kufunga kamba ya buti, chupa yake ya chai iko chini kando yake. Zuhura akazungusha, kwa kasi ile ile nzuri ya gemu. Nikapiga kelele. Chande akajitupa kifudifudi. Bonge lilipita juu ya mgongo wake. Mnyororo wa kutembelea ukasogea hatua moja, ukaikanyaga chupa ya chai ikawa nyembamba kama sahani.

Zuhura alizima mtambo, akashuka. Chande akainuka, akajipangusa vumbi, akaiokota ile chupa akaigeuzageuza. "Mke wangu ataililia hii kuliko ambavyo angenililia mimi," akasema. Lakini midomo yake ilikuwa myeupe.

Mimi sikucheka. Nilimfokea Zuhura mbele ya vibarua wote. "Huna macho? Huyu ni mtu! Huyu ana watoto!"

Alisubiri nimalize. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, kwenye gemu hakuna nyuma. Kioo kiko mbele tu. Sijawahi kuwa na mtu nyuma yangu."

Lile neno lilipaswa kunifanya nikae chini nifikiri. Mwalimu wa kweli angelishika hapo hapo, akamwambia, haya, kuanzia leo kabla ya kugusa kishikio geuza shingo, hesabu watu, kama ni sita uwaone sita, ukiona watano usiguse kitu. Hayo nilimwambia, lakini siku mbili baadaye, na kwa ukali. Siku ile ile ya tukio nilifanya jambo lingine. Nilikwenda ofisini, nikaomba karatasi, nikaandika kwa Injinia kuwa binti huyu ni hatari, gemu limemharibu, anadhani watu wana uhai wa kuanza upya, asikalishwe tena kwenye mtambo.

Injinia aliisoma. Akamwondoa Zuhura kwenye kijiko, akampa kazi ya kushika ubao wa vipimo, na akasema mwisho wa mwezi ataamua kama amrudishe chuoni. Zuhura hakuninunia. Kila asubuhi, "Shikamoo mzee." Kila asubuhi, "Marahaba." Na kila nilipopakia lori nilimwona pembeni akigeuza shingo, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu watu, ingawa hana mtambo.

Ndipo mvua ikaja.

Mnaijua mvua ya huku ikiamua. Ilinyesha siku tatu, mto mdogo upande huu wa Somanga ukashuka na magogo na mashina ya migomba, ukaziba kalavati linalopitisha maji chini ya barabara, maji yakapanda yakala barabara upande mmoja. Tulipofika asubuhi, mabasi na malori yamejipanga pande zote mbili mpaka jicho linaishia. Watu wamelala garini. Akina mama wa Somanga wameshaanza kukaanga samaki kando ya foleni. Kulikuwa na gari moja la wagonjwa upande wa kusini, limewasha taa, na muuguzi amesimama nje anatazama maji kwa mikono kiunoni.

Injinia akaniambia kwa simu, "Mzee, fungua hilo kalavati maji yashuke, tumwage mawe, magari yapite leo. Nakuja." Alikuwa Nangurukuru akitafuta malori ya mawe.

Ili kuyafikia yale magogo ilibidi nishuke na kijiko kwenye nyasi upande wa kushoto wa barabara. Watu wamejaa wanatazama. Wengine wananiita, "Mzee, fanya haraka!" Chande akanisogelea, akasema, "Hutembei kwanza?" Nikamwambia, "Utamsubirisha yule mgonjwa mimi nivue viatu?" Nikashuka na mtambo.

Nilivuta magogo mawili, watu wakapiga makofi. Nilipolifuata la tatu nikasikia kiti kinalalia kushoto. Makalio yaliniambia, mapema tu kama siku zote. Lakini kusikia kuwa unazama na kujua ufanye nini ni mambo mawili, na hilo la pili mimi nilikuwa silijui, kwa sababu sikuwahi kuzama. Nikafanya ambacho kila mtu angefanya: nikarudisha minyororo nyuma kwa nguvu zote. Mnyororo wa kushoto ukazunguka bure, ukachimba, ukatapika tope. Nikazidisha. Kila nilivyozidisha kijiko kiliketi zaidi, mpaka tope likafika kwenye ngazi ya kupandia. Maji ya mto yalikuwa yanapanda. Watu waliacha kupiga makofi.

Nikasikia sauti chini. "Mzee, acha minyororo! Usizungushe!" Zuhura yuko ndani ya tope mpaka magotini, ubao wa vipimo ameutupa.

"Toka hapo!" nikamwambia.

"Mzee, unajichimbia! Simamisha!"

Nikasimamisha. Akapanda mpaka kwenye ngazi, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Kwenye gemu kuna hatua ya kinamasi," akasema. "Nimezama humo mara nyingi mpaka nikawa naiota. Najua unavyotoka. Mkono ndio unaokutoa, minyororo inasaidia tu. Shuka, mzee."

Wanangu, nilimtazama yule mtoto niliyemshtaki kwa barua. Nikatazama foleni. Nikatazama tope. Nikashuka.

Alikaa. Kabla hajagusa kitu akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akamwita Chande: "Baba Chande, nawahitaji watu wote nyuma ya ile nguzo. Naona kumi na mmoja, mko wangapi?" Chande akahesabu, akasema kumi na mmoja. "Haya."

Akauzungusha mkono upande wa kushoto, ule uliozama, akaweka ndoo chini karibu na mnyororo, akaanza kukandamiza. Kijiko kikaanza kuinuka upande ule, kama mtu anayejiinua kwa kiwiko. Nilikuwa nimeona mambo mengi barabarani, hilo sikuwahi kuliona. Akapaza sauti, "Magogo! Yawekeni chini ya mnyororo, kisha mrudi!" Vibarua wakasukuma yale magogo mawili niliyoyavuta. Wakarudi. Akahesabu tena. Akashusha mtambo juu ya magogo.

Sasa ilibaki kuuvuta mtambo kurudi barabarani. Akageuza mkono nyuma, akachoma meno ya ndoo ardhini ajivute. Ndoo ikazama, ikaburuta tope, ikarudi mikono mitupu. Akajaribu pembeni, vile vile. Akasimama. Nikaona kifua chake kinapanda na kushuka. Akanitafuta kwa macho.

"Mzee! Kwenye gemu ardhi ni moja tu, ukichoma popote inashika. Hapa sijui. Ngumu iko wapi?"

Nilivua buti. Nilivua na soksi, mbele ya mabasi yote yale, nikakunja suruali, nikatembea. Baridi, baridi, kisigino kinaingia, narudi. Nikaenda upande wa kilima kidogo cha nyasi, hatua saba au nane kutoka alipochoma. Hapo unyayo ukagonga mawe. Barabara ya zamani, ile ya kabla ya lami, ilipita pale, na kifusi chake bado kilikuwa chini ya majani. Nikasogea kwa miguu nikauona mpaka wake wote, nikasimama mwisho wake nikanyoosha mkono. "Hapa! Kuanzia hapa mpaka hapa! Nikiondoka, choma!"

Nikaondoka. Akanyoosha mkono wa kijiko wote mpaka ukaisha, meno yakaingia kwenye yale mawe kwa mlio wa kukera masikio. Yakashika. Akavuta pole pole huku minyororo inazunguka kidogo kidogo, na lile dude la tani zote hizo likatoka kwenye tope, likateleza juu ya magogo, likapanda. Foleni nzima ilipiga honi. Akina mama wa samaki walipiga vigelegele.

Hakushuka kupokea sifa. Akaingia upande ule wa mawe, akayatoa magogo yaliyobaki, maji yakapata njia yakaanza kushuka. Saa kumi malori ya mawe yakafika na Injinia mbele yao. Gari la wagonjwa lilikuwa la kwanza kuvuka. Yule muuguzi alitupungia mkono bila kututazama, yuko na mgonjwa wake.

Injinia akanijia akiwa anatabasamu, akanishika bega. "Mzee Nandonde! Nimesikia njiani kuwa mtambo ulizama ukautoa. Huo ndio uzoefu ninaowaambia vijana kila siku."

Zuhura alikuwa hatua tano kutoka pale, ananawa miguu kwenye dimbwi. Aliacha kunawa, hakuinua kichwa.

Nikasema, "Tunamshukuru Mungu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Si uongo, hakuna shekhe wala padri atakayenilaumu kwayo. Lakini niliyachagua, wanangu, kama mtu anavyochagua pa kukanyaga. Injinia akaenda zake. Siku mbili nilikula sisikii ladha. Nilijiambia nimebakiza miaka miwili nistaafu, faili langu safi, na yule bado mdogo, atapata nafasi nyingine. Nikimtaja aliyeutoa mtambo, swali la pili litakuwa ni nani aliyeuzamisha.

Siku ya tatu jioni Chande alikuja kukaa nami mlangoni kwa hema langu. Alikuwa na chupa mpya ya chai. Akanimiminia, akanywa yake, akasema, "Mungu umeshamshukuru. Bado binti." Akachukua chupa yake akaondoka.

Asubuhi nilikwenda ofisini.

"Injinia, ile barua niliyokuandikia kuhusu Zuhura naomba uichane."

"Kwa nini? Si karibu amuue mtu?"

"Karibu. Na mimi nilikuwa nimesimama pale kumfundisha, na sikuwa nimemwambia ageuze shingo. Nilisahau kuwa kuna mtu anaweza kuwa hajui. Na jambo la pili, kijiko alikitoa yeye Somanga. Mimi nilikuwa chini."

Aliweka kalamu mezani. "Na aliyekizamisha?"

"Mimi."

"Ulipima ardhi kabla?"

"Sikupima."

Alitazama dirishani. Kisha akanisukumia karatasi. "Andika yote. Mwandiko wako. Na binti arudi kwenye kijiko." Na akanipa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka yote ile. Ninayo mpaka leo, kwenye bahasha moja na cheti cha kustaafu. Siku aliponipa niliikunja mara nne nikaitia mfukoni, na mchana huo nikala vizuri.

Niliandika taarifa kurasa mbili. Nilieleza magogo, tope, ile namna ya kuinua mtambo kwa ndoo, barabara ya zamani chini ya nyasi. Kabla ya kuipeleka nikampelekea Zuhura aisome, nikaona ni haki yake. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha lori. Alisoma taratibu, akafika ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Mzee, umeandika vizuri."

"Kuna nilichokosea?"

Alinionyesha kwa kidole. Nilikuwa nimeandika: *hapo binti mmoja wa mafunzo akapanda akautoa mtambo.*

"Nina jina," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayekukumbusha kuwa umeacha taa inawaka.

Nikachukua kalamu, nikakata yale maneno kwa mstari, na juu yake, kwa herufi kubwa ili Injinia asipate shida kusoma, nikaandika: Zuhura Saidi Nambunga, opareta.

Alilitazama lile neno la mwisho. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, akavaa kofia yake, akaenda kukagua mafuta ya mtambo.